Babu Mdachi: Alitoka Wapi, na Jina la Baba Yake Lilibaki kwa Nani



Haupiti mkutano wa ukoo wetu, uwe wa Maskati, wa Dubai, wa London au wa Unguja, bila ya kuzuka swali lilelile: Je, Babu yetu, tuliyemwita Babu Mdachi, alikuwa Mjerumani? Wazee hulicheka swali hilo, lakini vijana hawalicheki. Mmoja wao, aliyezaliwa na kukulia Ujerumani, aliniandikia akitaka apewe jina la Babu la Kijerumani ili akalitafute katika daftari za bandari ya Hamburg. Jamaa zetu walioko Nizwa, kwa upande wao, wameshikilia kwamba sisi ni watu wa Nizwa, na kwamba habari za Ibra zilikuja kubandikwa baadaye. Na wako wasemao kwa sauti ya chini kwamba wenzetu wa Tabora si jamaa hasa, na kwamba majina yao hayafai kuchapwa katika shajara. Neno hili la mwisho si la mzaha, kwani mfuko wa ukoo husaidia ada za shule kwa watoto waliomo katika shajara, na asiyekuwamo hana pa kubisha hodi. Kwa kuwa safari hii tunakutana Ibra penyewe, Kamati imeona yafaa habari hizi ziandikwe mahali pamoja. Mzigo huo nimetwikwa mimi kwa sababu ni miongoni mwa wajukuu wachache waliosalia ambao waliwahi kukaa na Babu juu ya mkeka wake.

Tuanze na jina, kwani ndilo lililozua mengi. Katika Kiswahili cha wazee wetu Mjerumani aliitwa Mdachi, na nchi yake Udachi. Lakini pwani yetu haikuitoa lakabu kama cheti cha uzawa. Hamed bin Muhammed el-Murjebi aliitwa Tippu Tip, wala hakuna aliyedhani kuwa liko kabila la jina hilo. Muhammed bin Khalfan el-Barwani wa Ujiji aliitwa Rumaliza. Juma bin Salim, tajiri wa Kiarabu aliyempokea msafiri wa Kiingereza Cameron huko Kilemba, nchi ya Kongo, mwaka 1874, alijulikana bara nzima kwa jina la Juma Merikani, naye hakuwa Mmarekani hata kidogo. Merikani ilikuwa nguo, ile pamba isiyopaushwa iliyoletwa kutoka Marekani na kubebwa vichwani hadi ng'ambo ya Tanganyika. Mtu aliitwa kwa bidhaa yake, kwa vita alivyopigana, kwa kilema chake, au kwa mahali alipotoka kabla ya kuhamia mtaani. Babu Mdachi aliitwa kwa mahali.

Babu alifika Tabora kwa miguu, akifuata msafara kutoka Bagamoyo. Basi hapana shaka kuwa alifika kabla ya mwaka 1912, mwaka ambao reli ya kutoka Dar es Salaam iliufikia mji ule. Wadachi hawakuukuta mji mtupu. Mwaka 1857, Burton na Speke walipopita huko, mwenyeji wao alikuwa Snay bin Amir el-Harthi, mtu wa kabila lenye makao yake katika Sharqiyah hii hii tunayokutania. Mmanga kijana aliyetoka Sharqiyah hakwenda Tabora kubahatisha, bali alikwenda kwa watu wa kwao, waliokuwa wameshajenga nyumba, wameshapanda miembe na mitende, na wameshaoa. Babu akaanza kuuza mchele, samli na ngozi, na mteja wake mkubwa akawa boma la Wadachi. Hesabu zake aliziandika kwa Kiswahili katika hati za Kiarabu, na wakubwa wa boma walizipokea bila ya tabu, kwa kuwa Wadachi waliendesha serikali yao kwa Kiswahili. Mpaka uzeeni alikuwa akitupigisha hesabu za Kidachi, moja hadi kumi, kwa sauti ya askari, nasi watoto tukicheka mpaka Bibi anatukemea.

Ipo sarafu ambayo Bibi aliifunga katika pembe ya kanga miaka yote na ambayo hivi leo inatunzwa na Shangazi. Ni ya shaba, ina taji, ina mwaka 1916 na herufi tatu D.O.A., na upande wa pili imeandikwa 20 Heller pamoja na herufi T. Kijana wetu wa Ujerumani alipoiona picha yake alidhani kuwa D.O.A. ni herufi za mwanzo za jina la huyo babu wa Kijerumani anayemtafuta. Maskini, herufi hizo ni za Deutsch-Ostafrika, jina ambalo Wadachi waliiita koloni yao, na T ni Tabora. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza, meli za Waingereza zilifunga bahari, na sarafu kutoka Ujerumani zikakatika. Serikali ya Wadachi ilihamia bara, na katika karakana ya reli ya Tabora ikaanza kupiga fedha zake yenyewe: za shaba kama hii yetu, na za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, dhahabu yake ikitoka katika mgodi wa Sekenke. Tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji waliingia Tabora, na fedha zile zikapoteza kazi. Aliyekuwa na sarafu ya Tabora ya mwaka 1916 mkononi, basi alikuwa ameuza kitu Tabora katika miezi ile. (Na kwa faida ya vijana: neno hela, mnalolitumia kila siku mnapotuomba, limetoka katika heller hiyo hiyo ya Wadachi, kama neno shule lilivyotoka kwao.)

Vita vilimfilisi Babu. Deni la boma halikulipwa na mtu, kwani aliyekuwa mdaiwa alikuwa amekwisha kukimbia. Akashuka pwani, kisha akavuka kwenda Unguja, na mtaani akajulikana kuwa ni yule Mmanga aliyekuja kutoka kwa Mdachi. Watu wa mjini hawana subira na maneno marefu. Muda si muda ikawa Babu Mdachi, na jina likamganda.

Wanaoshikilia damu ya Kijerumani huleta hoja mbili. Ya kwanza ni macho yake, yaliyokuwa ya rangi ya majivu. Macho ya namna hiyo mtayaona wenyewe katika soko la Ibra, wala hayahitaji Mdachi. Ya pili ni hadithi kwamba Babu alikuwa mtoto wa Bibi Salme aliyefichwa. Hadithi hii inapendeza, na ndiyo maana haifi. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, alimpenda mfanyabiashara kijana wa Hamburg, Heinrich Ruete. Akatoroka mwaka 1866 kwa manowari ya Kiingereza, akaolewa Aden mwaka 1867, akaitwa Emily Ruete. Lakini watoto wake wanajulikana wote. Wa kwanza alifariki akiwa mchanga. Walioishi walikuwa watatu: Antonie, Rudolph na Rosalie, waliozaliwa kati ya mwaka 1868 na 1870, na wote walikulia Ujerumani chini ya mama yao, aliyebaki mjane mwaka 1870. Hapana nafasi ya mtoto wa nne aliyefichwa kwenye msafara wa Bagamoyo.

Nitaongeza jambo moja kuhusu huyo Rudolph, kwa sababu kisa chake ni chetu kilichogeuzwa juu chini. Yeye alikuwa ofisa wa jeshi la Kijerumani, na babu yake mzaa mama alikuwa mtawala wa Oman na Unguja. Akaongeza jina la Said katika jina lake, na mwaka 1929 akachapisha London kitabu cha maisha ya babu huyo, Sayyid Said bin Sultan. Mdachi alimtafuta babu yake Oman, na akampata kwa kuwa aliyatafuta maandishi.

Kabla ya kufika Tabora na Unguja, Babu alipanda jahazi Sur. Katika hilo matawi yote ya ukoo yanakubaliana, na kwalo limezuka tatizo jingine, kwani tawi la Mombasa limesikia kuwa Babu alikuwa na cheti cha Mfaransa. Yawezekana sana, wala hakuna cha ajabu. Tangu katikati ya karne ya 19 manahodha wengi wa Sur walipata kwa Wafaransa ruhusa ya kupeperusha bendera yao, ili manowari za Waingereza zisiwasimamishe na kuwapekua baharini. Jambo hilo liliwaudhi Waingereza na Sultani wa Maskati hata likafikishwa mbele ya waamuzi huko The Hague, nchini Uholanzi. Tarehe 8 Agosti 1905 ikaamuliwa kwamba wenye majahazi walioipata bendera ile kabla ya tarehe 2 Januari 1892 waendelee nayo, na wa baada ya hapo wasiipate ila wathibitishe kuwa Wafaransa waliwahesabu kuwa watu walio chini ya ulinzi wao kabla ya mwaka 1863. Abiria wa jahazi la namna hiyo aliandikwa katika karatasi za nahodha, na karatasi zilikuwa za Kifaransa. Kwa hesabu hiyo Babu alivuka bahari akiwa chini ya Mfaransa, akafanya biashara chini ya Mdachi, akapita mikononi mwa Mbelgiji, na akafia Unguja chini ya ulinzi wa Mwingereza. Hakuwa hata mmoja kati ya hao.

Sur ilikuwa mlango, na mlango si nyumba. Watu wa Sharqiyah yote, na wengi wa Dakhiliyah, walishuka Sur kwa ngamia, wakangoja kaskazi itie, wakapanda. Babu hakujua kuogelea, wala hakula papa mkavu ila kwa kulazimishwa. Alilolijua kwa undani ni maji ya falaj. Usiku, tukiwa barazani, alikuwa akitazama mbinguni na kutuambia maji sasa yako kwa nani: nyota fulani ikitokeza juu ya kilima fulani, zamu ya fulani imekwisha, na mwenye zamu ifuatayo akazibe na kuzibua. Kipimo chake alikiita athar, nacho ni karibu nusu saa. Kilimia alikiita Thuraya. Huu ni ujuzi wa mtoto aliyeamshwa usiku na baba yake kwenda kuangalia maji ya mitende. Hauokotwi bandarini.

Hapo ndipo Nizwa na Ibra zinapogombana, kwa kuwa falaj ziko huko na huko, na ile Falaj Daris ya Nizwa ni katika falaj kubwa kabisa za Oman. Jamaa wa Nizwa husema pia kwamba Babu aliitaja ngome ya Nizwa mara kwa mara. Aliitaja, ni kweli. Lakini ni mtu gani wa bara ya Oman ambaye hakuitaja ngome ya Nizwa, makao ya maimamu, mnara uliojengwa na Imamu Sultan bin Seif baada ya kuwafukuza Wareno Maskati mwaka 1650? Anayeitaja Makka si lazima awe mzaliwa wa Makka. Zaidi ya hayo, nyota zinazotumika kugawa maji, na vilima vinavyotazamwa zinapochomoza, hutofautiana kijiji kwa kijiji. Shangazi anazikumbuka nyota nne kwa mpangilio wake, na mpangilio huo utawekwa mbele ya wazee wa maji wa hapa siku ya pili ya mkutano.

Kwa nini Babu hakurudi? Alikuwa na nia hiyo baada ya vita, lakini Oman nayo ilikuwa vitani. Mwaka 1913 makabila ya ndani yalimchagua Imamu Salim bin Rashid el-Kharusi, na Sheikh Isa bin Salih el-Harthi wa Sharqiyah akawa miongoni mwa nguzo zake kubwa. Nchi ya ndani na pwani ya Sultani zikawa mbili, na uhasama ukaendelea hadi mapatano ya Seeb ya mwaka 1920. Kufikia wakati huo Babu alikuwa ameshaoa Unguja, na Mmanga asiye na kitu haoni haya ya kufa ugenini kama anavyoona haya ya kurudi mikono mitupu. Alifariki kabla ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, na hakuyaona tuliyoyaona sisi.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo hasa nililishikia kalamu.

Baada ya Sultan Qaboos kushika utawala tarehe 23 Julai 1970 na kuwaita Waomani walioko nje warudi kujenga nchi, Baba na ndugu zake wawili walikuwa miongoni mwa walioitika. Wengi wenu mnakumbuka hali ilivyokuwa. Kiswahili chetu kilikuwa chepesi na Kiarabu chetu kilikuwa kizito, na swali lilikuwa moja: nyinyi ni wa kabila gani, wa mji gani, na ni nani anayewajua? Bila ya watu wa kushuhudia, hapakuwa na cheti. Baba zetu walikuja Ibra na majina matatu tu: la Babu, la baba yake, na la mama yake. Walipelekwa kutoka baraza hadi baraza, na kila mahali walipewa kahawa na tende, na kila mahali waliambiwa kuwa majina hayo ni ya watu wengi.

Mwishoni walipelekwa kwa bibi mmoja mkongwe, aliyekuwa haoni tena, ambaye kaka yake alikwenda Sawahili akiwa kijana na hakurudi. Aliwasikiliza. Jina la kaka likawiana, la baba likawiana, la mama likawiana, lakini hakusema kitu. Kisha akauliza: katika nyinyi, nani ana jina la baba yangu? Kwa desturi yetu mwana wa kwanza hupewa jina la babu yake, na kaka yake, alisema, asingeweza kuiacha desturi hiyo hata angekuwa mwisho wa dunia. Ikawa kimya. Katika wale wanaume watatu hakuna aliyekuwa na jina lile. Baba alinihadithia kwamba walitazamana, na kwamba Ami yetu mkubwa ndiye aliyejikaza na kusema: jina hilo analo ndugu yetu mkubwa, mama yake ni Mnyamwezi, na yuko Tabora. Yule bibi akanyosha mikono akawapapasa nyuso, mmoja baada ya mwingine. Siku ile ile wakaitwa mashahidi.

Jamaa zangu, litazameni jambo hili. Babu alizaa wana watatu Unguja, na hata mmoja hakumwita kwa jina la baba yake. Hakuwa amesahau. Jina lilikuwa limeshatolewa, na mwenyewe alikuwa hai. Vyeti vyetu vya Ibra, ambavyo kwa ajili yake watoto wetu wamesoma, wameajiriwa na wamepata viwanja, vilipatikana kwa jina la mtu ambaye baadhi yetu leo wanataka lifutwe.

Husemwa kwamba mama yao alikuwa suria, si mke. Tawi la Tabora linasema aliolewa, na sina sababu ya kuwakatalia. Lakini tuchukue kuwa alikuwa suria. Kwa sheria ya dini yetu mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake ni mtoto huru, ana nasaba ya baba na anarithi sawa na nduguze. Kama si hivyo, nani angetawala Unguja? Watoto wote waliomrithi Sayyid Said walizaliwa na masuria. Mama yake Barghash alikuwa Mhabeshi, na mama yake Bibi Salme Mcherkesi. Hata kwa sheria ya Wadachi, ambao hawakuufuta utumwa moja kwa moja (Waingereza ndio walioufuta Tanganyika, mwaka 1922), kila mtoto aliyezaliwa na mtumwa baada ya mwaka 1905 alikuwa huru, na wana wa Tabora walizaliwa baada ya hapo. Na kama Babu aliwakubali au hakuwakubali, ipo barua yake aliyoipeleka Tabora kutoka Unguja, kwa Kiswahili katika hati za Kiarabu, nami nimeishika kwa mikono yangu. Anauliza habari za mvua, anamdai mtu magunia mawili ya mpunga, na mara tatu anaandika maneno "wanangu".

Katika kurasa za kati za kijitabu hiki mtaikuta shajara. Imechorwa kwa kufuata desturi ya Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, na wana wamepangwa kwa kuzaliwa kwao. Kwa hiyo tawi la Tabora liko kulia, mahali pa mwana wa kwanza, na chini yake wamo wajukuu na vitukuu 31 waliotuletea majina yao kwa barua na kwa simu. Matatu kati ya hayo yanangoja kuhakikishwa tahajia. Jamaa wanne wa tawi hilo wanakuja Ibra, nao watakuja na barua ya Babu. Shangazi atakuja na sarafu. Mwenye picha, hati ya shamba au karatasi yoyote yenye jina la Babu, hata kama imeandikwa Kifaransa, aje nayo siku ya pili baada ya sala ya alasiri, mezani kwa Kamati.